Kwa Nyokabi, Niliyemfanya Kuwa Mama Yangu

Ruiru, Jumapili jioni

Nyokabi,

Umekwenda kuagana na wanakwaya wenzako, na kwa jinsi ninavyowajua watu wa kanisa letu, hawatakuachilia mpaka wimbo wa mwisho urudiwe na chai iishe kwenye sufuria. Nina nafasi ya kutosha. Habari za blanketi, mafuta ya kujipaka, sala na wavulana umekwisha kuambiwa na kila mwanamke wa laini hii ya nyumba za wafanyakazi wa shamba, wakiwamo wale ambao binti zao hawakuwasikiliza. Mimi sitaongeza neno hapo.

Naandika kwa Kiswahili, nawe utashangaa, maana humu ndani hatukisemi. Kwanza, ndicho nilichofundishwa kuandika. Pili, kwa Kikuyu ningeanza na neno maitu, na nikishaanza na neno hilo nitaishia kulia na kukuomba kitu. Kiswahili nilikijua ukubwani. Hakinibembelezi, na leo sitaki kubembelezwa.

Juzi nilikuwa mezani kiwandani tukichambua kahawa, Wanjiru amekaa kando yangu kama kawaida. Halafu akasema, bila kuinua macho kwenye zile mbegu, "Mama Nyokabi, huyu mtoto wako haendi."

"Haendi wapi?"

"Kwa hiyo shule ya walimu. Ameniambia atapanda basi watu wamuone, alafu ikifika Thika ateremke, arudi. Ameniuliza kama nyapara anaweza kumpatia kazi hapa kwa meza."

Nikamuuliza kwa nini. Wanjiru akatupa mbegu mbovu kwenye karai na kusema, "Wewe nawe. Si unajua mwenyewe?"

Ndiyo, ninajua. Kwa hiyo sijakuuliza, wala sitakuuliza. Nitakwambia tu mambo ambayo ulipaswa kuyajua kabla hujafanya mpango wako, kisha utaamua ukiwa umeyasikia.

Jina lako unajua lilikotoka. Nilikuzaa bila kuolewa. Baba yako alikuwa dereva wa trekta katika shamba la jirani, akahama tumbo lilipoanza kuonekana, na habari zake zinaishia hapo. Mtoto wa namna hiyo huchukua jina la upande wa mama, kwa hiyo ukawa Nyokabi, jina la mama yangu mzazi. Na kwetu, mtoto aliyebeba jina la mama yako unamwita maitu, mama yangu. Unamtania: "Maitu, mbona leo hukunipikia?" Naye anacheka, bado hana hata meno. Watu wote hufanya hivyo na hakuna anayeumia. Ni mchezo wa heshima. Mimi niliufanya mchezo ule kuwa kazi, na kazi yenyewe nikampa mtoto wa miaka minane.

Hadithi niliyokulea nayo unaijua vizuri kuliko mimi, maana ulipokuwa mdogo ulinisahihisha nilipoikosea. Kwamba mama yangu, alipokuwa anakufa, aliniita kitandani akaniambia, "Ukipika pombe katika nyumba yangu, pombe yenyewe ndiyo itakayokunywa wewe." Kwamba hicho kilikuwa kirumi, neno la laana la mzazi anayekufa, ambalo hakuna wa kulifungua isipokuwa yeye mwenyewe aliyelifunga. Kwamba mimi nilipika, na ikawa kama alivyosema.

Kupika nilipika kweli. Wanawake wengi wa laini walipika, hilo halikuwa jambo la ajabu. Mpishi lazima aonje. Nilionja asubuhi, nikaonja wateja walipofika, nikaonja walipoondoka. Baadaye niliacha kuuza, kwa maana pombe ilikuwa haifiki jioni. Nilibaki nikinunua ya wengine, ile kali ya chang'aa, kwa sababu ya nyumbani ilikuwa imenichosha.

Sitaki kuanza kuhesabu aibu. Wewe ulijifunza kuwasha moto kabla ya kujifunza kusoma, inatosha. Lakini kuna asubuhi moja nataka uisikie kutoka kwangu. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Nyapara alinikuta nimelala chini ya mikahawa, nimevaa miwani ile isiyo ya macho, na wewe umesimama kando unachuma, unatia katika debe langu lisionekane tupu. Mikono yako haikufika matawi ya juu, kwa hiyo ulikuwa umeyavuta kwa kamba ya kanga yangu. Yule nyapara hakuwa mtu wa huruma. Alitutazama, akamwita dereva wa lori la kahawa. Hivyo ndivyo tulivyofika Thika, kwenye hospitali ya misheni.

Nyuma ya hospitali palikuwa na nyumba ndefu ya mabati kwa wanawake wenye ugonjwa kama wangu. Hatukuwa wengi, na kila mmoja alidhani yeye si kama wale wengine. Aliyetutunza alikuwa Rebeka, mjane mnene mwenye sauti ndogo. Mama aliruhusiwa kuja na mtoto wake, lakini kwa sheria moja: mtoto asiguse kazi. Mama ndiye amchotee maji, amfulie, ampikie uji, hata kama mikono inatetemeka na nusu ya uji inaishia majivuni. Sista Mzungu, mkuu wa hospitali, alisema hiyo ndiyo dawa, nyingine hana. Tulimcheka kwa siri. Tulikuwa tumetarajia sindano.

Wewe ulikuwa mjanja kuliko ile sheria. Uliamka kabla ya Rebeka, ukachota maji, ukayaweka karibu na kitanda changu ili ionekane nimeyaleta mimi. Uji ulikuwa unaukoroga wewe, mimi nimeshika mwiko mwingine mtupu. Rebeka akiuliza nani kapika, tulijibu pamoja. Usiku nilitapika, nilitokwa na jasho, niliona siafu wakipanda ukutani, na kila nilipofumbua macho ulikuwa umekaa hapo umenishika kichwa. Sikukwambia lala. Nilikwambia, "Maitu, usiniache."

Katika siku zile mbaya ndipo nilipopata lile wazo langu kubwa. Nilijiambia kwamba aliyefunga ndiye afungue, na aliyefunga yuko hapa, jina lake ni lile lile, anakula uji pamoja nami. Nilikuchukua nyuma ya chumba cha kufulia, nikakuketisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikapiga magoti mbele yako. Nikakufundisha maneno. "Sema: Mwanangu Wairimu, nilichokufunga nimekifungua." Ukasema. Kisha nikafungua shingo ya gauni ili unitemee mate kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki. Kinywa chako kilikuwa kikavu kwa woga, mate hayakutoka, ikabidi ujaribu tena.

Ulipomaliza uliniuliza, "Na nikiwa nimekosea maneno, itarudi?"

Hapo ningeweza kucheka na kukwambia tulikuwa tunacheza. Nilikwambia, "Usikosee."

Rebeka alituona. Alikuwa anapita na kapu la mashuka. Nilijua atanifokea kwa mambo ya kishenzi, maana alikuwa Mkristo wa kunyoosha kidole, na nilikuwa nimekwisha kutayarisha jibu. Hakunifokea. Aliweka kapu chini, akakuinua pale ndooni, akakushika mkono.

"Huyu leo atalala kwangu," akasema.

"Utamchukuaje? Ni mtoto wangu."

"Hapana, Wairimu. Mimi nimeangalia hapo. Sijaona mtoto."

Ulilia ukiburutwa. Hukuita "mama." Uliita "Wairimu, Wairimu," jina langu, vile mama anavyomwita mtoto wake anayeachwa. Niliwachukia nyote wawili kwa muda fulani, na naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Baada ya hapo ikawa lazima nipike uji wangu mwenyewe na kuubeba mpaka kwenye baraza ya Rebeka. Uji wa kwanza ulikuwa na madonge. Uliula huku unaitazama mikono yangu, kila ikitetemeka unaacha kula, unataka kuinuka uje uishike. Rebeka anakurudisha kwa bega. "Kula, mtoto. Hiyo mikono ni ya mwenyewe." Siku nyingi zilikwenda hivyo. Kuna asubuhi moja ulikula mpaka ukamaliza bila kunitazama, ukaacha bakuli chini, ukakimbia kwenda kucheza na mbuzi wa hospitali. Nilikaa pale barazani na bakuli lako chafu. Nilifurahi na niliumia, sijui lipi lilizidi. Nadhani ni hapo nilipopona kiasi nilichopona, wala si zile nyakati ulipokuwa umenishika kichwa.

Tatizo ni kwamba tulirudi Ruiru, na huku hakukuwa na Rebeka. Ulirudi kazini mwako. Kila alasiri ulitoka shule, ukaweka vitabu, ukaja kunisalimu kwa karibu sana, pua yako usawa wa mdomo wangu. Ulidhani sioni. Nilijitia hamnazo. Sitakudanganya kwamba niliumia: nilipenda. Anayelindwa halazimiki kujilinda, na mimi ni mvivu wa kazi ile kuliko kazi nyingine yoyote. Wasichana wenzako walikuwa wanacheza kule mtoni, wewe uko mlangoni unachambua mboga ambazo zimekwisha kuchambuliwa. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliuona hivyo hivyo ule wako, tena nilikuwa nimekutwika mwenyewe.

Sasa nifike Gatuanyaga, ambako hatujawahi kufika tena kwa mazungumzo.

Ulikuwa wakati wa hali ya hatari, mtu hatoki shamba bila pasi. Mume wa dada yangu, tata yako, alikuwa anachunga ng'ombe wa Mzungu kule Gatuanyaga, na tata alihangaika mpaka akakupatia ruhusa ya kwenda kwake likizo. Mbuzi wake walikuwa wamezaa mapacha na ulitaka kuwaona. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu na hujawahi kulala nje ya nyumba hii tangu Thika. Uliniuliza, "Niende?" nikasema nenda. Ulirudi kuniuliza tena ukiwa umefunga kitambaa, nikasema nenda, mimi si mtoto.

Basi lako halijafika mbali nilikuwa nimekwisha kupata chupa. Habari zikakufikia, sijui kwa mdomo wa nani, maana za aina hiyo hazihitaji pasi. Ulikuja na vumbi la kule mpaka magotini. Nilikuwa sakafuni. Niliona miguu yako kwanza. Nilingoja unitukane, na ungenitukana ningepata nafuu. Ulichuchumaa, ukanifuta mdomo kwa kile kitambaa chako, ukasema, "Nisamehe, mwanangu. Sikupaswa kwenda."

Nami, nimelala katika matapishi yangu, nikakujibu, "Nimekusamehe, maitu."

Nyokabi, nimefanya mengi. Nimeuza gauni lako la ubatizo. Nimekuaibisha mbele ya walimu. Lakini jambo linalonifanya nishindwe kukaa peke yangu na mawazo yangu ni kwamba nilikusamehe. Uliniomba msamaha kwa kwenda kuona mbuzi, na mimi nikautoa, tena kwa ukarimu, kama mtu aliyekosewa. Ninaona aibu sasa hivi ninavyoandika, mpaka masikio yamepata moto.

Ukaacha shule muhula mzima unichunge. Nami nikakuacha uache. Mwalimu wako ndiye aliyekuja hapa kukuchukua, si mimi niliyekurudisha. Tangu hapo sijaonja, na kanisani wanakusifu. "Nyokabi amemwokoa mama yake." Mchungaji alilisema mimbarini nikiwa benchi la mbele, watu wakageuka kunitazama, nami nikaitikia amina. Ilikuwa njia rahisi. Mtu akiokolewa na mwingine, akizama tena ni kosa la mwokozi.

Sasa sikiliza lile lililonifanya nikae chini na kalamu.

Mama yangu hakuniachia kirumi. Hakuniachia neno lolote. Kiharusi kilimshika upande mmoja, kinywa kikapinda, na mpaka anakata roho hakuweza hata kuomba maji. Ukitaka ushahidi muulize tata yako, ndiye aliyekuwa anamlisha kwa kijiko. Ulikuwa bado unatambaa wakati ule, ukipanda kitandani kwake na yeye akikutazama kwa jicho moja. Hakumlaani mtu. Nadhani alikuwa anaogopa tu, kama watu wote wanaokufa.

Yale maneno niliyatunga mimi, kwenye meza ya kahawa, siku mwanamke mmoja aliponiuliza mbele ya wenzake kwa nini siachi. Nilihitaji jibu zito, ambalo mtu akilisikia ananyamaza. Nikasema, ni mama. Wakanyamaza kweli, mmoja akanishika mkono kwa huruma. Aliyefuata kuniuliza nikamtilia chumvi kidogo. Nilipolisimulia mara nyingi vya kutosha nikaanza kuisikia sauti yake, na nilipokupigia magoti pale nyuma ya chumba cha kufulia nilikuwa ninaamini kabisa. Sikukudanganya siku ile. Nilikuwa nimekwisha kujidanganya siku nyingi kabla, nawe ukarithi.

Kwa hiyo hukunifungua, maana sikuwa nimefungwa. Hukukosea maneno, na kama ungekosea kusingekuwa na tofauti. Ulipokwenda Gatuanyaga hukuacha mlango wazi. Nilikunywa kwa sababu chupa ilikuwapo na mimi nilikuwapo. Miaka hii ambayo sijanywa, wewe ulikuwapo, ni kweli, na ulinipikia, na ulininusa. Lakini mkono ulioacha kuinua chupa ulikuwa huu unaoandika. Sikupenda kuukubali kwa sababu ukikubali kwamba ni wako unapoacha, utakubali pia kwamba ni wako unapoinua.

Utaniuliza: je, ukienda, nitakunywa?

Sijui. Ningekuahidi, lakini ahadi zangu umezisikia nyingi na unazijua hata harufu yake. Jioni ni ndefu, na kuna nyumba mbili hapa laini ambako bado wanapika. Ninaogopa. Sikuandikii hilo ili ukae, nakuandikia kwa sababu ungelijua hata nisingelisema. Rebeka bado yuko Thika, amezeeka, ile nyumba ya mabati siku hizi ni ghala, lakini ana baraza yake. Nimemtumia salamu kwamba nitakuja, mwenyewe, bila kubebwa na lori la mtu. Amenijibu kwamba nisije mikono mitupu, anataka viazi.

Inawezekana nitaanguka. Ukisikia nimekunywa, usirudi. Ukiambiwa nimeonekana chini ya mikahawa, usirudi. Akija mtu mwenye huruma akakwambia ninalia usiku ninaita maitu, maitu, mwambie mwenye jina hilo nilimzika mimi na dada yangu, na kaburi lake tunalijua. Na usiniandikie barua za kunichungulia. Niandikie mnakula nini, mwalimu gani ni mkali, nani anakoroma bwenini. Likizo njoo kama wasichana wengine wanavyokuja kwao, na njaa na nguo chafu, ulale mpaka jua lipande. Nitapika. Uji una madonge machache siku hizi.

Kama utanikasirikia, nikasirikie. Una haki, tena umechelewa. Barua hii sitaificha sandukuni uje uisome ukiwa mbali. Nitakupa ukiingia sasa hivi, kabla hujavua viatu, ili tuwe na usiku mzima wa kununiana kama ni lazima.

Kesho nitapanda basi pamoja nawe. Nimekwisha kuomba ruhusa kwa nyapara na viazi nimetia kwenye kikapu. Tutakaa kiti kimoja, wewe upande wa dirisha. Tukifika Thika, anayeteremka ni mimi. Wewe kaa kwenye kiti chako.

Mama yako,
Wairimu